Kutembea Mama Ngina pekee hakutoshi

Wadogo zangu, malalamiko yenu ni yale yale: hedhi imekoma, chakula hakijaongezeka, lakini tumbo limetoka na ukipimwa sukari unaambiwa imepanda. Mnaacha mahamri, mnatembea jioni ufukweni Mama Ngina mpate upepo wa bahari. Endeleeni, ni kheri. Lakini misuli yenu haipati mzigo, na hapo ndipo penye kazi.

Wali ukishaliwa, sukari yake nyingi huingia kwenye misuli. Estrojeni ikishuka, misuli hupungua, mafuta hujikusanya ndani ya tumbo, na insulini inakuwa haisikilizwi tena kama zamani. Msuli uliofanya kazi nzito huivuta sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, halikuishia kwenye dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Limetaka pia mazoezi ya nguvu, siku 2 au zaidi.

Najua utaniambia, "Dada, mimi na buibui langu niende jimu?" Si lazima. Nyumba zetu za Kibokoni na Kuze zina ngazi za kutosha. Chukua kiti kisichoteleza, kaa, inuka bila kujishika, mara 8 hadi 10, pumzika, rudia. Sukuma ukuta kwa mikono miwili. Kisha jaza maji dumu la lita 5, kunja magoti, mgongo unyooke, linyanyue. Ukilizoea, tafuta la lita 10. Msilipuuze hili: mzigo usioongezeka hauongezi nguvu. Zile mara mbili za mwisho zikutoe jasho.

Usibane pumzi, hasa wewe mwenye presha. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari azungumze na daktari wake kwanza, maana sukari inaweza kushuka ghafla. Na mle vya kujenga mwili: samaki, mayai, kunde, mbaazi. Chai na mkate pekee usiku havijengi msuli, nami naumia nikiona mama amepika samaki, akawagawia wote, yeye akabaki na mchuzi.

Anayefunga Jumatatu na Alhamisi achague Jumanne na Ijumaa kwa mazoezi haya. Anzeni wiki hii, na kiti tu.