Kumsamehe kaka hakukuzuii kudai kiwanja

SWALI: Kaka yangu aliuza kiwanja alichotuachia marehemu baba, akaghushi sahihi yangu. Kesi iko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na imeahirishwa tena. Wazee wa kanisa wananisihi nimsamehe, niifute. Mwezi ujao anamuoa binti aliyemchumbia miaka miwili iliyopita, na mimi najua kaka ana mtoto aliyemficha. Nimeshaandika ujumbe kwa wakwe zake watarajiwa, bado kuutuma tu. Nikiutuma nitakuwa nimetenda dhambi? – Mwenye Uchungu, Morogoro.

JIBU: Dada yangu, umechanganya mambo mawili, na wazee wako wamekusaidia kuyachanganya. Kesi ni kudai haki yako. Ujumbe ule ni kisasi. Baraza likiamua upande wako, utapata chako. Ndoa ikivunjika hupati hata hatua moja ya ardhi, ila utamwona kaka yako akiaibika. Hicho ndicho Mkristo anachotakiwa kukiacha. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba kisasi wamwachie Mungu, lakini Paulo huyohuyo, alipopigwa Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kimyakimya mpaka wakubwa waje wamtoe wenyewe. Baadaye akakata rufaa kwa Kaisari. Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi na Mehmet Ali Ağca tarehe 13 Mei 1981. Siku nne baadaye alitangaza kwamba amemsamehe, na Desemba 1983 akamfuata gerezani Roma wakazungumza. Ağca hakufunguliwa mlango siku hiyo. Alibaki kifungoni Italia hadi 2000, rais wa nchi alipompa msamaha.

Wazee watakushikia Wakorintho wa Kwanza sura ya 6, Paulo anapowakemea waumini wanaoshtakiana. Ni kweli anawakemea. Lakini humohumo anauliza kama kwao hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuwaamua ndugu. Basi kanisa linalotaka kesi ifutwe halina budi kuisikiliza lenyewe: limwite kaka yako, limuulize habari za ile sahihi, limtake arudishe alichochukua. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, na hakuna aliyemwambia amezidisha. Barua yako haisemi kama kaka yako ameitwa. Kama hajaitwa, wanachokuomba ni kunyamaza tu, na maombi ya aina hiyo, katika mambo ya urithi, huwaangukia wanawake mara nyingi mno.

Utasema habari ya mtoto ni ya kweli, na bibi harusi ana haki ya kuijua. Anayo. Ila uchumba una miaka miwili, na muda wote huo hukumwonea huruma binti wa watu. Umemkumbuka kesi ilipoahirishwa. Ukweli unaotolewa kwa wakati uliochaguliwa ili uumize zaidi hautakaswi kwa kuwa ni ukweli. Tena wa kwanza kusemwa mitaani atakuwa mtoto, ambaye hakuuza kiwanja cha mtu. Kama nia yako ni kumlinda bibi harusi, fuata Mathayo 18: kaa na kaka yako wawili peke yenu, umtake amweleze mchumba wake mwenyewe kabla ya ndoa. Akikataa, nenda tena na shahidi mmoja au wawili.

Labda unaona huwezi kusema umesamehe ilhali moyo bado unachemka. Yusufu aliwaweka ndugu zake kizuizini siku tatu, akawajaribu mpaka alipoona wamebadilika, ndipo akajitambulisha kwao na kulia. Hasira yako haitaisha wiki hii, wala sikudai iishe. Ninachokuomba kinawezekana leo: futa ujumbe huo kwenye simu, na siku kesi itakapotajwa ufike barazani na hati zako. Waombe na wale wazee wakusindikize.