Mfupa na Mahali Pake

Wanafunzi wangu wa Dzaleka huniuliza mara kwa mara kwa nini hatuokoti mifupa ya kale hapa karibu, hali vitabu vyasema kwamba Malawi ni nchi mashuhuri kwa mambo hayo. Swali hili ni zuri. Basi leo nataka kueleza mambo matatu: mifupa ya kale hupatikana wapi, hufikaje hapo, na kwa nini mwenye kuiona asiiondoe kabla ya kuandika mahali ilipolala. Jambo hili la tatu ndilo kubwa.

Kwanza tuelewe neno lenyewe. Kisukuku ni mabaki ya mnyama au mmea wa zamani sana yaliyohifadhiwa ardhini. Mnyama akifa uwandani, fisi na tai humla, jua hupasua mifupa yake, na baada ya miaka michache hakuna kilichosalia. Lakini akifa kando ya ziwa au ya mto, huenda matope yakamfunika upesi. Maji yapitayo polepole katika matope hayo huacha madini ndani ya mfupa, na mwisho wake mfupa huwa mzito na mgumu kama jiwe. Ndiyo maana wawindaji wa visukuku hupenda sana kutafuta mahali palipokuwa ufuko wa ziwa zamani, hata kama leo ni nchi kavu yenye miiba. Wenzetu waliotoka Kivu wamesikia habari za Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa. Huko mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimba vyusa vya mifupa vya wavuvi wa kale. Hapo napo ni kando ya maji.

Sasa tazama nchi yetu. Uwanda wa Lilongwe, tangu Area 49 ninapokaa mimi hata Dzaleka wilayani Dowa, umekaa juu ya miamba ya kale iliyopikwa kwa joto na kugandamizwa kwa nguvu nyingi chini ya ardhi. Katika mwamba wa namna hiyo hakuna mfupa utakaosalia. Ukipasua mawe hapa kutwa, hutapata hata gamba la konokono. Yatupasa kwenda kaskazini, Karonga, kwenye ufuko wa Ziwa Malawi.

Ziwa hili lina urefu wa kilometa 580 hivi, na kina chake hufika karibu meta 700. Limelala katika Bonde la Ufa. Msidhani kwamba ufuko wake umekuwa pale pale siku zote. Mwaka 2005 wataalamu walitoboa matope ya chini ya ziwa ili kusoma habari za hali ya hewa ya zamani. Waliona kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita zilikuja nyakati za ukame mkali hata maji yakashuka meta 600 au zaidi. Fikiri: penye vilindi leo, zamani palikuwa pakavu. Na kinyume chake, vilima vingine vya Karonga vimefanywa kwa mchanga na matope yaliyotandazwa na ziwa na mito yake mamilioni ya miaka iliyopita. Ardhi ya Bonde la Ufa ikapasuka na kuinuka, kisha mvua ikachimba makorongo, na visukuku vikatokeza nje. Matabaka hayo huitwa Chiwondo. Ndani yake mna magamba ya konokono, na mifupa ya viboko, nguruwe-mwitu, swala na tembo.

Katika matabaka hayo, kwenye kilima cha Uraha, mwaka 1991 lilipatikana taya la chini la mtu wa kale, likiwa limevunjika vipande viwili. Kipande kidogo cha jino kilikuwa kimepotea. Wataalamu walirudi mwaka uliofuata, wakachekecha udongo mwingi mno, hata wakakipata. Taya hilo lakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 2.4 hivi.

Hapa msomaji makini atauliza: umri huo ulijulikanaje, na taya halina tarehe? Jibu ni kwamba lilitolewa ushahidi na jirani zake. Katika tabaka lile lile yalikuwamo mabaki ya nguruwe-mwitu na wanyama wengine. Nguruwe wa kale walibadilika meno yao kizazi hata kizazi, na meno ya namna ile yamepatikana pia Kenya na Ethiopia, penye majivu ya volkano ambayo umri wake huweza kupimwa. Basi jino la nguruwe ndilo lililosema umri wa mtu. Kama mpita njia angaliyaokota meno yale na kuyaweka dirishani kwake, taya la Uraha lingalikuwa kama mgeni asiyejulikana alikotoka. Sisi wa Dzaleka twajua vema thamani ya karatasi inayosema mtu ametoka wapi. Mfupa nao una karatasi yake, nayo ni tabaka ulimolala.

Tuchukue mfano wa pili, wa kijiji cha Mwanganda, huko huko Karonga. Katika miaka ya 1960 Desmond Clark alichimba hapo mifupa ya tembo pamoja na zana za mawe. Ikadhaniwa kwamba watu wa kale walimchinja tembo yule. Baadaye wataalamu wengine walirudi na kuyachunguza matabaka upya, na mwaka 2014 wakatoa taarifa kwamba mifupa na zana havikuwa vya wakati mmoja. Kukaa pamoja si kuishi pamoja, maana maji huchanganya vitu. Wangalijuaje hayo kama mahali pa kila kitu hapakuandikwa?

Tulipokwenda Karonga, wanafunzi tisa na mimi, tulianza kwa kuomba barua za ruhusa ya kutoka kambini, kisha tukashinda ndani ya basi tangu alfajiri mpaka usiku. Kesho yake tulitembea makorongoni na mzee mmoja mwenyeji aliyesema Kiswahili, maana mpaka wa Tanzania u karibu. Jua lilikuwa kali, miiba ilishika nguo zetu, na kila mmoja alichukua chupa ya maji na fimbo kwa ajili ya nyoka. Ruhusa yetu ilikuwa ya kutazama tu. Mara kijana mmoja akaja mbio, ameshika jino la rangi ya kahawia, zito kama risasi.

Mzee akamwuliza, "Umelitoa tabaka gani, mwanangu?"

Kijana akatazama ukuta wa korongo. Chini palikuwa na changarawe, katikati mchanga wenye magamba ya konokono, na juu udongo mwekundu. Akajibu, "Sijui, mzee. Nililiona, nikaliokota."

Tulirudi kutafuta alama za nyayo zake mpaka saa sita ya mchana, lakini makorongo yalikuwa mengi na yote yalifanana. Jino tukalikabidhi kwa wahusika. Penye daftari palipotakiwa kuandikwa mahali lilipotoka, pakabaki patupu. Kijana yule alisikitika sana, na njiani kurudi hakusema neno mpaka tulipofika Mzuzu.

Kwa hiyo nawapa kanuni nne. Ya kwanza, ukiona kisukuku usikiguse; weka alama kando yake. Ya pili, andika tabaka lake, rangi ya udongo, na umbali wake toka mti au jiwe lisiloondoka; na kama una simu, piga picha ukiwa umeweka rula kando. Ya tatu, waite wahusika, kwa sababu sheria ya Malawi huvilinda vitu hivi, na si ruhusa kuvichimba wala kuviuza ovyo. Ya nne, usiende peke yako, wala usisimame chini ya ukingo uliolegea baada ya mvua.

Asiyeweza kwenda Karonga asikate tamaa. Karibu na kila kijiji cha Dowa pana shimo lililochimbwa udongo wa matofali. Nendeni watatu watatu kwenye shimo kavu lisilo na kina kirefu, mkachore matabaka yake, mkapime unene wa kila moja kwa rula, mkaandike kama ni mchanga, changarawe au udongo laini. Changarawe huonyesha maji yaendayo kasi. Udongo laini huonyesha maji yaliyotulia. Kisha mmoja wenu ajaze ndoo kwa tabaka tatu za udongo, akifukia mfupa wa kuku katika moja na kifuniko cha soda katika nyingine. Wengine wachimbue kwa kijiko na kuandika kila kitu kilipolala. Atakayemaliza kwanza si mshindi. Mshindi ni yule ambaye kwa daftari lake twaweza kuirudisha ndoo ilivyokuwa.

Maswali

1. Kwa nini hatupati visukuku katika miamba ya uwanda wa Lilongwe?

2. Eleza jinsi meno ya nguruwe yalivyosaidia kujua umri wa taya la Uraha.

3. Kitu kimoja kikipatikana karibu na kingine, je, ni lazima viwe vya wakati mmoja? Toa mfano.

4. Rafiki yako amekuletea mfupa mzito kama jiwe. Andika maswali matano utakayomwuliza kabla ya kuutazama mfupa wenyewe.