Kuchoka si Neno Moja: Lugha ya Uchovu na Ahueni kwa Wacheza Ngoma wa Meru na Embu

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuliandikii mara nyingi, nalo ni mwili. Yamechochewa na kosa nililolitenda mimi mwenyewe. Mwaka 2019, kabla sijajiunga na masomo ya uzamili, nilikuwa nikifundisha kwa muda katika shule moja ya upili huko Embu. Pamoja na vipindi vya Kiswahili, nilikabidhiwa kikundi cha ngoma kilichokuwa kikijiandaa kwa Tamasha za Muziki za Kenya. Tulichagua ngoma ya mironjo, yaani ile miti mirefu ambayo mchezaji huikwea, akasimama juu yake na kucheza kana kwamba miguu yake imerefushwa. Waembu wamesifika kwa uchezaji huo tangu enzi za ukoloni, na sisi tulitaka kuuonyesha kwa fahari.

Tulifanya mazoezi mara mbili kwa siku: saa kumi na moja alfajiri, kabla ya masomo ya asubuhi, na saa kumi jioni mpaka kigiza kinapoingia. Katika wiki ya tatu mvulana mmoja wa kidato cha tatu alinijia akasema, "Mwalimu, nimechoka mguu." Nikamjibu, "Sote tumechoka. Vumilia." Baada ya siku mbili alinijia tena na neno lile lile, nami nikampa jibu lile lile. Wiki ya nne alikuwa akichechemea. Picha ya eksirei ilionyesha ufa mwembamba katika mfupa wa muundi. Siku ya mashindano alikaa kwenye benchi akiwashikia wenzake mironjo.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: mvulana yule alisema nini ambacho mimi, mwalimu wa lugha, sikukisikia? Jibu langu ni kwamba alilazimika kutumia kitenzi kimoja kwa hali ambazo Kiswahili kimezipa majina mbalimbali, nami sikumsaidia kuchagua. Kila hali kati ya hizo ina tiba yake, na nyingine zina hatari yake. Anayezichanganya hutibu isiyokuwepo.

Neno moja, hali nyingi

Kitenzi choka kimebebeshwa mizigo mingi. Mtu huchoka kulima, huchoka kungoja, huchoka na maneno ya jirani. Hata shati lililochakaa husemwa kuwa limechoka. Wazungumzaji wa Kiembu na Kimeru hutumia kunoga kwa upana kama huo, na pengine mwanafunzi wangu alikuwa akitafsiri. Hata hivyo, Kiswahili hakikosi akiba. Kuna kuhema na kutweta, kulegea na kunyong'onyea, kukakamaa, kufa ganzi, kichomi, kuteguka, na mavune. Haya si visawe, ingawa kamusi zetu aghalabu hufafanua moja kwa kutumia jingine.

Tuanze na kutweta, maana ndiko kwepesi zaidi. Anayetweta amepungukiwa na pumzi, na dakika chache humrejesha. Ifahamike kuwa miji ya Embu na Meru iko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mchezaji aliyezoea Mombasa atatweta huku kabla ya mwenyeji, na hilo si dalili ya uvivu. Wapiga ngoma wa Chuka (eneo ambalo hadi mwaka 1992 lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Meru) hutweta kwa sababu nyingine. Ngoma yao ni ndefu, huibana katikati ya mapaja, wakainama huku wakiipiga na kucheza kwa wakati mmoja. Kifua kilichoinama hakipati nafasi ya kutanuka. Dawa yake ni kusimama wima, kupumua kwa kina na kutembea polepole, wala si kujibwaga chini mara tu ngoma inapokoma.

Kunyong'onyea ni jambo jingine. Hapa pumzi ipo lakini nguvu zimekwisha mwili mzima. Misuli huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na mazoezi marefu huila akiba hiyo. Kuijaza upya huchukua takriban siku nzima, tena kwa mtu anayekula vyakula vya wanga vya kutosha. Wanafunzi wangu walikuwa wakila chakula cha jioni saa moja usiku, kisha wakaruka juu ya mironjo alfajiri kabla ya kutia chochote tumboni. Nilipowaona wamelegea niliwakemea. Kilichohitajika kilikuwa kikombe cha uji. Aidha, kwa msichana anayepoteza damu nyingi kila mwezi, unyong'onyevu usioisha hata baada ya chakula na usingizi unaweza kuwa upungufu wa madini ya chuma. Huyo apelekwe kupimwa damu, asipewe mawaidha.

Mavune

Neno ninalolipenda kuliko yote katika orodha ile ni mavune. Limo katika kamusi za Kiswahili sanifu, lakini nilipowauliza wanafunzi wenzangu wa uzamili, wengi hawakuwa wamewahi kulitumia. Mavune ni yale maumivu na uzito wa mwili unaofuata kazi ngumu. Linafanana na kitenzi vuna, na hata kama wanaisimu wataubishia uhusiano huo, mimi huona picha iliyomo kuwa sahihi: mtu alipanda jana, leo anavuna.

Sayansi ya mazoezi inaafikiana na picha hiyo. Mavune hayaji papo hapo. Huanza saa kadhaa baada ya mazoezi, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua yenyewe. Kwa miaka mingi walimu wa michezo wamefundisha kwamba husababishwa na asidi ya laktiki iliyoganda misulini. Sivyo. Zao hilo la mazoezi huondoka katika damu baada ya saa moja hivi, wakati mavune hata hayajaanza. Chanzo ni michubuko midogo mno katika nyuzi za misuli na uvimbe unaoandamana na ukarabati wake. Michubuko hiyo hutokea hasa pale msuli unaporefuka huku umebeba uzito, kwa mfano kushuka mlima, kutua baada ya kuruka, au kujizuia usianguke. Mchezaji wa mironjo hufanya hivyo kila hatua. Mpiga ngoma wa Chuka aliyekunja magoti nusu ya kuchuchumaa hufanya hivyo kwa mapaja yake. Na wale wanaofanya mazoezi ya kucheza dansi kwenye nguzo iliyosimikwa, mchezo ambao umeingia katika baadhi ya kumbi za Nairobi, huyavuna mikononi, mabegani na ndani ya mapaja kila wanapojishusha taratibu.

Sifa moja ya mavune inastahili kukaririwa na kila mkufunzi wa ngoma. Mwili hujifunza. Mazoezi yale yale yakirudiwa baada ya siku chache, mavune ya mara ya pili huwa madogo kuliko ya kwanza. Kwa hiyo siku ya kwanza juu ya mironjo iwe ya dakika kumi, si ya saa mbili. Kujinyoosha kabla au baada ya mazoezi, jambo tulilolifanya kwa bidii kubwa, hakuzuii mavune kwa kiasi cha maana. Kutembea kidogo kesho yake husaidia. Kukandwa na kuchuliwa kwa mafuta hupunguza maumivu kwa kiasi, na bibi zetu wa Runyenjes hawakungoja utafiti ili walijue hilo.

Hapa basi ndipo kosa langu lilipokuwa. Mavune huenea, hukaa katika msuli wote, tena katika miguu yote miwili. Ufa wa mfupa hukaa mahali pamoja. Unaweza kuuonyesha kwa ncha ya kidole, huuma zaidi unapokanyaga, na badala ya kupungua siku ya tatu huzidi. Laiti ningemwambia mvulana yule, "Nionyeshe kwa kidole," angegusa muundi wa mguu mmoja, na pengine wiki mbili za kupumzika zingemtosha kabla hali haijawa mbaya. Badala yake alikaa bila kucheza kwa miezi miwili.

Dalili nyingine ni ya kukimbilia hospitali bila kungoja kesho: mtu mwenye maumivu makali ya misuli baada ya mazoezi ya kupita kiasi, kisha mkojo wake ukawa wa rangi ya chai kavu iliyokolea. Hiyo ni misuli inayovunjika na kumwaga mabaki yake katika damu, na figo zinaweza kushindwa.

Vinavyoficha uchovu

Sina budi kuligusa suala ambalo watu wa Meru na Embu hawapendi likitajwa na mgeni, ila mimi si mgeni. Vijana wanaocheza ngoma harusini na hotelini hutafuna miraa ya Igembe au muguka wa Mbeere ili wafike alfajiri. Majani hayo yana kathinoni na kathini, vichangamsho ambavyo vimo katika orodha ya vitu vinavyodhibitiwa kwa wanamichezo mashindanoni. Mwaka 2024 baadhi ya kaunti za Pwani zilipopiga marufuku muguka na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hiyo kwa muda, tulibishana sana kuhusu mapato ya wakulima na maadili ya vijana. Sitaki kuufufua ubishi huo. Hoja yangu ni finyu zaidi: muguka hauongezi nguvu, bali huzuia habari za uchovu zisimfikie mwenye mwili, na huku ukimwondolea mtafunaji usingizi na hamu ya kula. Hivyo viwili ndivyo hasa vinavyoujenga mwili upya. Anayetafuna ili acheze usiku wa pili mfululizo anakopa kwa mkopeshaji yule yule aliyemkopesha jana.

Vidonge vya maumivu hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Vile vya aina ya diklofenaki, ambavyo katika maduka mengi ya dawa hupatikana kwa kuomba tu, vikimezwa na mtu aliyetokwa na jasho jingi bila kunywa maji vinaweza kudhuru figo. Isitoshe, huuzima uchungu ambao ungemzuia kukanyaga ufa.

Kivuli cha methali

Tukirudi katika uwanja wetu wa fasihi, nimejiuliza kwa nini neno vumilia lilinitoka upesi vile. Nadhani ni malezi ya methali. Mkufunzi wa ngoma hukosi kumsikia akisema kwamba mvumilivu hula mbivu, na kwamba mchumia juani hulia kivulini. Lakini hebu tuichunguze hiyo ya pili. Ina sehemu mbili zenye uzito sawa: jua na kivuli, kuchuma na kula. Sisi wakufunzi huisoma nusu. Twamhimiza mtoto achume juani, kisha twamrudisha juani. Methali yenyewe imemwahidi chakula na kivuli.

Chakula chenyewe hakihitaji chupa za madukani. Githeri ina mahindi na maharagwe, yaani wanga na protini katika sahani moja. Uji wa wimbi, nduma, ndizi na maziwa vinapatikana kote kuanzia Siakago hadi Maua. Maji yawe mengi, na kwa aliyetoka jasho sana yatiwe chumvi kidogo, au chumvi hiyo ipatikane katika chakula.

Usingizi ndio mgumu. Kijana wa umri wa shule ya upili huhitaji saa nane hadi kumi. Katika shule niliyofundisha taa zilizimwa saa nne usiku na kengele ya ngoma ikalia saa kumi na nusu. Hizo ni saa sita na nusu, tena kwa anayelala mara tu taa zinapozimwa, na nani alilala mara moja katika bweni la wavulana? Hakuna mbinu ya kukanda wala chakula kinachoziba pengo hilo. Hatua ya kwanza ya kuwasaidia wacheza ngoma ingekuwa kufuta mazoezi ya alfajiri, na hiyo ndiyo hatua niliyokuwa na uwezo nayo na sikuichukua.

Umeamkaje?

Kiswahili kina salamu ambayo tumeichakaza mpaka haiulizi tena kitu: umeamkaje? Tangu mwaka 2023 nimekuwa nikisaidia kikundi kingine cha ngoma wakati wa likizo, na huko nimeirudishia salamu hiyo kazi yake. Kabla ya mazoezi kila mchezaji huniambia ameamkaje, nami huandika katika daftari. Majibu yalikuwa yale yale mwanzoni: nimeamka salama. Baada ya kuwafunza maneno niliyoyataja hapo juu, yalibadilika. Mmoja ameamka na mavune ya mapaja. Huyo hucheza, ila taratibu. Mwingine ameamka amenyong'onyea. Huyo huulizwa alikula nini. Wa tatu ameamka kabla ya kengele, moyo ukimwenda mbio ingali amelala, na hana hamu ya kula wala subira na wenzake. Hali hiyo ikirudi siku mbili tatu mfululizo huwa ni dalili kwamba mazoezi yamepita kiasi. Huyo hurudi nyumbani.

Daftari lina safu tatu: jina, hali, na mahali. Safu ya mahali ndiyo niliyoiongeza mwisho. Mchezaji akiandika "miguu", tunaendelea. Akiandika "hapa" na kuchora alama moja chini ya goti, mironjo yake huegemezwa ukutani siku hiyo, hata kama mashindano ni kesho.