Kazi Kwanza, Majina Baadaye

Tarehe 24 Juni 1859 majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipigana na jeshi la Austria huko Solferino, kaskazini ya Italia. Majeruhi waliletwa kwa maelfu katika mji wa karibu, Castiglione. Henry Dunant, mfanya biashara wa Geneva, alikuwa safarini kwa shughuli zake akayaona hayo. Wanawake wa mji walikuja kwa hiari yao kuwauguza watu pasipo kubagua adui na rafiki. Lakini Dunant asimulia jambo la ajabu: maji na chakula vilikuwako, na hata hivyo wako waliokufa kwa kiu na njaa. Vitambaa vya kufungia majeraha vilikuwako pia. Mikono ya kutosha haikuwako.

Katika kitabu chake cha mwaka 1862 alishauri kwamba vyama vya watu wa kujitolea viundwe wakati wa amani, nao wafundishwe mapema. Mwaka 1863 kamati ya watu watano ilikutana Geneva, na humo ndimo ulimozaliwa Msalaba Mwekundu. Chama cha kwetu Tanzania kiliundwa kwa sheria mwaka 1962.

Habari hii naijua tangu kidato cha pili, wala haikunisaidia kitu. Mimi ni katibu wa kikundi cha huduma ya kwanza hapa shuleni. Mwanzo wa mwaka daftari langu lilikuwa na majina 43, nami nilijivunia sana. Siku ya michezo mwenzetu mmoja akaanguka katika mbio za mita 1,500. Tulimkimbilia watu 11. Mmoja alimwinua, mwingine alimlaza, wa tatu alimpepea kwa shati, na sisi wengine tulisimama tukimzibia hewa. Sanduku la dawa lilikuwa limefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, nami sikukumbuka! Mwalimu wa zamu alitufukuza, akamweka kivulini na kumpa maji. Jioni alikuwa hajambo.

Juma lililofuata niliwaendea wale walioacha kuja mikutanoni. Nilidhani watasingizia masomo. Karibu wote walinijibu hivi: tukija, twakaa tu.

Basi tulianza upya. Tuliandika kazi kwanza: nani atashika machela, nani atazuia watu, nani atamwita mwuguzi. Ndipo tukaita watu, na kila mmoja akaambiwa saa yake, kazi yake, na wa kumwuliza akikwama. Mgeni hufuatana na mzoefu kwa Jumamosi nne kabla ya kuachwa peke yake. Zamu ni saa mbili, basi, kwa maana anayejitolea naye ana mitihani na nguo za kufua. Si lazima wote waguse damu. Mmoja wetu huona kizunguzungu akiiona, lakini hakuna atunzaye daftari la dawa kama yeye. Dawa ikikaribia kwisha muda, yeye hujua kabla ya mtu ye yote.

Majina yalishuka hata 18. Mwalimu mlezi wetu aliniuliza mbona kikundi kimekufa. Nilimwomba aje Jumamosi, akaja, akawakuta sita wa zamu wote mahali pao.

Ufunguo sasa hutundikwa msumarini, nyuma ya mlango wa zahanati.