Kabla Hujasema Dawa Haifanyi Kazi

Mdogo wangu mwenye pumu, kabla hatujaongea lolote, toa hiyo inhela kwenye mkoba uiweke mbele yako. Leo sikuulizi unatumia dawa gani. Nakuuliza unaivutaje.

Malalamiko mnayoniletea yanafanana: "Dada, nimepuliza na kifua bado kinabana. Daktari anibadilishie, anipe kali zaidi." Nawaelewa. Mtu aliyebanwa kifua usiku wa manane, mluzi unasikika hadi chumba cha pili, huwezi kumwambia avumilie. Lakini mara nyingi dawa haina kosa. Haikufika mapafuni. Imeishia ulimini na kooni, ukaimeza na mate, na ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Hauko peke yako katika hili. Mwaka 2016 watafiti walikusanya pamoja tafiti za miaka 40, kuanzia 1975 hadi 2014, zenye watu zaidi ya 54,000. Waliokuwa wakitumia inhela zao sawasawa walikuwa asilimia 31 tu. Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba katika miaka yote hiyo hali haikuwa imeboreka. Wagonjwa hawakosei kwa uzembe, hawakufundishwa. Mtu anakabidhiwa boksi dirishani, anaambiwa "puliza mara mbili asubuhi na jioni", anaitwa anayefuata.

Basi tufundishane. Naanza na inhela ya kubonyeza, maana ndiyo wengi wenu mnayo. Ondoa kifuniko, chungulia ndani kama hakuna uchafu ulioingia mkobani, kisha itikise vizuri. Kama ni mpya, au imekaa muda bila kutumika, puliza kwanza hewani. Kaa wima au simama. Sasa toa pumzi nje, taratibu, mpaka iishe. Hatua hii wengi wanairuka, na kifua kilichojaa hewa hakina pa kuiweka dawa. Weka mdomo wa inhela kati ya meno, bana midomo pande zote, ulimi ukae chini. Anza kuvuta hewa polepole kwa mdomo, na papo hapo bonyeza mara moja, huku ukiendelea kuvuta mpaka kifua kijae. Toa inhela, funga mdomo, shikilia pumzi huku ukihesabu moja hadi kumi. Kama umeandikiwa mpulizo wa pili, subiri nusu dakika au dakika moja, tikisa tena, anza upya. Kubonyeza mara mbili kwa mvuto mmoja ni kupoteza dawa.

Kubonyeza kusikoendana na kuvuta, kuvuta kwa pupa au kijuujuu, na kutoshikilia pumzi: katika ule uchunguzi wa 2016, kila kosa kati ya haya lilikutwa kwa karibu nusu ya watu. Jiangalie kwenye kioo. Ukiona moshi mweupe unatoka mdomoni au puani wakati unapuliza, ujue hiyo ndiyo dawa yako inakwenda zake.

Wenye inhela za unga, kwenu mambo ni kinyume. Hiyo kwa kawaida haitikiswi, na huvutwa kwa nguvu na kwa haraka tangu mwanzo, kwa sababu ni pumzi yako inayoutoa unga. Usiitolee pumzi ndani yake pia, unga unaloa. Ndiyo maana naogopa mtu anapobadilishiwa aina ya inhela bila kuonyeshwa upya.

Kama mkono na pumzi vimekataa kabisa kuendana, tumia spesa, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Dawa inatulia humo kwanza, wewe unaivuta kwa nafasi yako. Hata watu wazima wanafaidika nayo, na mtoto mdogo asipewe inhela ya kubonyeza bila spesa, yenye barakoa kama hajaweza kubana midomo. Najua mtasema ni ghali au haipatikani. Mwaka 1999, Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha katika jarida la Lancet majaribio waliyofanya kwa watoto waliokuwa wamebanwa na pumu: chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa chini na inhela ikazibwa vizuri kwenye tundu hilo, ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Isiyozibwa vizuri haikufanya kazi sawa, kwa hiyo mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe namna ya kuitengeneza. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniumiza roho. Wengi mnaishi na salbutamol peke yake, ile ambayo mara nyingi ni ya bluu. Inafungua njia ya hewa ndani ya dakika chache, ndiyo sababu mnaipenda. Lakini ndani ya mirija mna uvimbe, na salbutamol haiugusi. Uvimbe unatulizwa na dawa ya kinga kama beclometasone au budesonide, inayotumika kama ulivyoandikiwa hata siku unazojisikia mzima. Haileti nafuu ya papo hapo, na hapo watu wanaitupa wakisema ni maji matupu. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu unaoitwa GINA hautaki kijana au mtu mzima atibiwe kwa salbutamol peke yake. Mwongozo huohuo unasema anayemaliza vikopo 3 au zaidi vya mipulizo 200 kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa. Hebu hesabu vyako. Na ukishatumia dawa ya kinga, sukutua na uteme, la sivyo unaweza kupata utando mweupe wa fangasi mdomoni.

Wapo wanaokimbilia vidonge kwa kuamini kwamba inhela inalevya, au ni ya mtu aliyekaribia kufa. Kidonge kimoja cha salbutamol cha miligramu 4 kina dawa mara 40 ya mpulizo mmoja wa maikrogramu 100, inayozunguka mwili mzima. Ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Inhela hailevyi. Dada mjamzito, usiache dawa yako ya kinga kwa kumwogopea mtoto. Mama akikosa hewa, mtoto naye anakosa. Na wewe unayeificha kwa mchumba, mwambie. Atakayeishi nawe lazima ajue inhela inakaa wapi na inapulizwaje, ili siku umezidiwa akusaidie.

Kuzidiwa ni huku: huwezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mbavu zinaingia ndani, midomo inabadilika rangi, au umepuliza na nafuu haiji. Hapo kaa wima, endelea kupuliza dawa ya nafuu ya haraka, kama ile salbutamol, mpulizo mmoja mmoja, kwa spesa kama unayo, huku unapelekwa hospitali. Usingoje kukuche. Shirika la Afya Duniani linasema pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019, na vifo vingi vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha chini ya wastani, kama zetu.

Kwa hiyo kliniki ijayo, usiende mikono mitupu. Beba inhela zako zote, zitumie mbele ya nesi, daktari au mfamasia, na useme, "Naomba uniangalie kama navuta sawasawa." Akikwambia ana haraka, omba tena. Na mwakani uombe tena.