Kivumishi cha Kiingereza "Uxorious" na Tatizo la Kisawe chake katika Kiswahili

1.0 Utangulizi
Makala haya yanachunguza maana, asili na matumizi ya kivumishi adimu cha Kiingereza, "uxorious", kinachomhusu mume anayempenda mkewe kupita kiasi. Swali la msingi ni hili: je, kidahizo hiki kinaweza kufasiliwa kwa Kiswahili bila kupoteza lawama iliyomo ndani yake?

2.0 Asili
Neno hili limetokana na Kilatini "uxorius", lililoundwa kutokana na "uxor", yaani mke. Katika Kilatini lilikuwa na maana mbili: -a kuhusu mke, na mwenye kumtii mno mkewe. Maana ya pili ndiyo iliyoingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16. Ile ya kwanza inabebwa na maneno mengine, kama istilahi ya kianthropolojia "uxorilocal", inayoeleza desturi ya mume kuhamia kwao mkewe.

3.0 Matumizi
Katika kitabu cha 4 cha Aeneid, Virgil analitumia neno la Kilatini pale Mercury anapomkemea Aeneas kwa kuujenga mji wa Dido na kuusahau ufalme wake mwenyewe. Milton, katika Paradise Lost (1667), analitumia lile la Kiingereza kwa Mfalme Sulemani, aliyevutwa na wake zake kwenye ibada ya sanamu. Katika mifano yote miwili kosa si mapenzi yenyewe, bali ni wajibu ulioachwa kwa ajili yake. Aidha, neno linalomhusu mke, "maritorious", ambalo George Chapman alilitumia katika tamthilia ya Bussy D'Ambois (1607), halikuenea.

4.0 Kisawe
"Mpenda mke" ni sifa njema, hivyo halifai. "Mtumwa wa mkewe" hubeba dharau lakini huondoa mapenzi. Usemi "aliyelishwa limbwata" una mapenzi na dharau pia. Hata hivyo, humtwika mke lawama kwamba ndiye aliyetia dawa, ilhali neno la Kiingereza humlaumu mume.

5.0 Hitimisho
Fasili inayopendekezwa ni: "(kwa mwanamume) mwenye kumpenda mkewe mno hata akamtii kwa kila jambo na kupuuza wajibu mwingine", pamoja na alama za matumizi "adimu" na "kejeli". Fasili hii ni ndefu; lakini mfasiri atakayeng'ang'ania ufupi atamsifu anayelaumiwa, au atamlaumu asiyehusika.