Faiba Ikikatika, Laini ya Pili Itajuaje?

Mteja amesimama kaunta. Anasema ameshatuma pesa, lakini kwenye kompyuta yako malipo hayajaonekana. Je, hajalipa, ama ni intaneti imepotea? Ukikosea hapo, unapoteza bidhaa au unapoteza mteja. Ndiyo maana ofisi nyingi ndogo sasa zinaweka intaneti ya akiba kwenye faiawoli, kile kisanduku kinacholinda mtandao wa ofisi na kugawia kompyuta zote.

Kuunganisha si kazi ngumu. Faiawoli nyingi zinakubali laini mbili: faiba kwa tundu la kwanza, na modemu yenye laini ya simu kwa la pili. Chagua mpangilio ambapo ya pili inangoja tu hadi ya kwanza ianguke. Kutumia zote mbili kwa pamoja hatukushauri, kwa sababu bando litaisha kabla hujalihitaji.

Shida iko kwingine. Mara nyingi faiawoli huangalia tu kama waya umechomekwa, ama kama kisanduku cha kampuni ya faiba kinajibu. Sasa wachimbaji wa barabara wakikata faiba huko mtaa wa pili, kisanduku bado kipo ukutani, kinawaka taa na kinajibu vizuri. Faiawoli inaona mambo ni sawa, na laini ya akiba inaendelea kulala huku wewe umekwama.

Kwa hivyo mwambie fundi aweke kipimo kinachofika nje kabisa. Faiawoli itume ping kila baada ya sekunde chache kwa anwani mbili za mbali, mfano 8.8.8.8 na 1.1.1.1, na ihame zote mbili zikikosa kujibu mara tatu mfululizo. Faiba ikirudi, isubiri kama dakika 5 kwanza; la sivyo itakuwa inaruka huku na huku.

Kisha mjaribu, saa ambayo hakuna wateja. Usikubali fundi achomoe tu waya ulio kwenye faiawoli, maana jaribio hilo hata mpangilio mbovu hupita. Achomoe faiba yenyewe inapoingia kwenye kisanduku cha kampuni, halafu muone kama malipo yanaendelea kuonekana.

Laini ya akiba iwe ya kampuni nyingine, na zima kamera na masasisho ya kompyuta zisile bando. Stima pia ikumbukwe: bila betri ya akiba, laini zote mbili zinazimika pamoja.

Ila hata kampuni mbili zinaweza kuyumba siku moja. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikasuasua Kenya na Tanzania. Siku kama hiyo, shika simu ya biashara. USSD na SMS hupita kwenye mtandao wa simu wenyewe, hazihitaji bando. Soma ujumbe ulioingia kwako wewe, linganisha kiasi na msimbo wa muamala, ama uangalie salio. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si uthibitisho, na usimwambie alipe tena kabla hujaangalia.